Nani Kamweka, Nani Atamwondoa? Kuielewa Demokrasia kutoka Tabora hadi Kigoma

Katika mikutano ya hadhara ya vijijini, iwe Urambo, Kaliua au Kasulu, meza kuu huwa imejaa. Yupo mwenyekiti wa kijiji, mtendaji wa kijiji, diwani, mtendaji wa kata, mbunge kama yuko jimboni, mkurugenzi wa halmashauri au mwakilishi wake, na siku ikiwa kubwa yupo Mkuu wa Wilaya mwenyewe. Mwananchi akisimama kuulizia kisima kilichokauka au barabara iliyokatika tangu masika, hoja yake huishia kwenye maneno yaleyale: tuliwapigia kura, mbona mmetusahau? Na akiyasema hayo, mara nyingi macho yake yako kwa Mkuu wa Wilaya.

Mkuu wa Wilaya hakupigiwa kura na mtu yeyote pale uwanjani. Ameteuliwa na Rais. Mkurugenzi naye ameteuliwa na Rais. Mtendaji wa kijiji na mtendaji wa kata ni waajiriwa, wanalipwa mshahara na wanaweza kuhamishwa kesho kwenda kijiji kingine. Katika meza nzima, walioletwa na kura ni watatu tu: mwenyekiti wa kijiji, diwani na mbunge. Sisemi kwamba walioteuliwa wapo kinyume cha sheria. Hakuna nchi inayomchagua kwa kura kila mhandisi wa maji na kila mhasibu. Ila mtu asiyejua nani kati ya wale amewekwa na nani, atapeleka malalamiko yake kwa mtu asiye na sababu ya kuyaogopa, na atarudi nyumbani akiamini demokrasia ni maneno matupu.

Ndiyo maana ukiniuliza demokrasia ni nini, sitaanza na sanduku la kura. Nitaanza na maswali matatu ambayo kila mtu anaweza kumuulizia yeyote mwenye mamlaka juu yake. Nani kamweka pale? Nani anaweza kumhoji akakosa pa kukwepea? Na nani anaweza kumwondoa kwa utaratibu unaojulikana, bila mtu kufa? Pale ambapo majibu ya maswali yote matatu, hata kwa kuzunguka, yanaishia kwa wananchi, hiyo ni serikali ya kidemokrasia. Pale yanapoishia kwa mtu mmoja, kwa jeshi, kwa ukoo au kwa wakubwa wachache wa chama, si ya kidemokrasia hata kama watu wake wanapanga foleni ya kupiga kura kila baada ya miaka mitano.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 imelisema jambo hili bila kuzunguka. Ibara ya 8 inatamka kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba Serikali itapata madaraka na mamlaka yake yote kutoka kwa wananchi. Kwa hiyo hata mamlaka ya Mkuu wa Wilaya yana asili yake kwa mkulima wa Ulyankulu: mkulima anamchagua Rais, Rais anamteua Mkuu wa Wilaya. Njia ipo, lakini ni ndefu. Mkulima huyo akitaka Mkuu wa Wilaya aondoke, hana karatasi ya kura ya kufanyia hivyo. Anabaki na kumlalamikia mbunge, kuandika kwenye magazeti, au kungoja uchaguzi wa Rais. Kadiri njia inavyorefuka ndivyo sauti inavyofika ikiwa dhaifu, na mteule anajua kabisa kwamba mtu wa kumwogopa yuko juu yake, si chini yake. Kwa maoni yangu hili ndilo fundo kubwa kuliko yote katika utawala wa wilaya zetu, na linazungumzwa kidogo mno.

Kuna mkanganyiko mwingine hapohapo mitaani. Watu wengi, hasa wa umri mkubwa, bado humhesabu balozi wa nyumba kumi kuwa ngazi ya serikali. Katika mfumo wa chama kimoja ilikuwa vigumu kutenganisha. Tangu vyama vingi viruhusiwe mwaka 1992, balozi ni kiongozi wa CCM, na ngazi ya serikali iliyo karibu kabisa na nyumba yako ni kitongoji kijijini au mtaa mjini. Mwenyekiti wa kitongoji ni wa wakazi wote, wenye kadi ya chama chochote na wasio na kadi kabisa. Barua ya utambulisho huitafuti kwa chama.

Nirudi kijijini, kwa sababu huko ndiko demokrasia ya Tanzania ilikowekewa sheria yenye nguvu ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 inaunda Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wajumbe wake hawachaguliwi. Ni kila mkazi wa kijiji aliyefikisha miaka 18: anayelima, anayevua, mama ntilie, mwalimu, hata yule mzee anayekaa nyuma kabisa chini ya mwembe. Mkutano huo unatakiwa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu. Juu ya sera na mambo makuu ya kijiji ndio wenye kauli ya mwisho. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inatekeleza.

Hii inaitwa demokrasia ya moja kwa moja, yaani watu wanaamua wenyewe badala ya kumtuma mtu akawaamulie. Wanaofundisha habari zake hukimbilia Athens ya kale, ambako raia walikusanyika kuamua vita na kodi, huku wanawake na watumwa wakiachwa nje. Sisi tunayo katika kila kijiji cha Nzega na Uvinza, na haimwachi nje mwanamke wala maskini.

Nguvu yake inaonekana zaidi kwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaizuia Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya Mkutano Mkuu. Akija mtu na gari zuri na barua yenye mihuri, akataka eka mia kadhaa za kupanda miti au kufuga, mwenyekiti na mtendaji hawana uwezo wa kumalizana naye ofisini. Lazima watu wote waitwe, waelezwe, waulize, wakubali au wakatae. Migogoro mingi ya ardhi vijijini inaanzia hapa: kikao cha watu wachache kinaamua, halafu muhtasari unaandikwa kana kwamba mkutano mkuu ulikaa. Sheria ilikuwepo; wenye haki ya kuulizwa hawakujua kwamba wana haki hiyo.

Wakulima wa tumbaku wa Tabora wanauelewa utaratibu huu kupitia AMCOS zao, yaani vyama vyao vya msingi vya ushirika, hata kama hawauiti demokrasia. Kila mwanachama ana kura moja, awe analima eka moja au ishirini. Mkutano mkuu ndio unaochagua bodi, unaopitisha makisio na unaoweka ukomo wa madeni, yaani kiasi ambacho bodi haiwezi kukizidisha katika kukopa kwa jina la wanachama. Huo ukomo wa madeni ni jambo la kulitazama vizuri. Wanachama wameshaichagua bodi, wanaiamini, na bado wanaiwekea mpaka. Kwa kufanya hivyo wanasema: tumekupa kazi, hatujakupa kila kitu. Serikali ya kidemokrasia hufanywa hivyohivyo. Katiba ndiyo mpaka wenyewe, na mpaka huo unamhusu hata kiongozi anayependwa na kila mtu. Tena unamhusu yeye zaidi, maana asiyependwa ana wengi wa kumzuia.

Sasa, tukisema wananchi ndio msingi wa mamlaka, wananchi ni akina nani? Swali hili limewahi kujibiwa vibaya hapa nchini, na mji wa Tabora una nafasi yake katika kusahihishwa kwa jibu hilo.

Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu wa mwaka mjini Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa masharti ya kudhalilisha. Mpiga kura alitakiwa awe na kipato, elimu au cheo cha kiwango fulani, jambo lililowaacha nje Waafrika walio wengi. Aliyefuzu masharti hayo alilazimishwa kupiga kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mzungu na moja kwa Mwasia. Akikataa hata moja, kura yake inaharibika. Waafrika walikuwa zaidi ya asilimia 98 ya watu wote wa Tanganyika, lakini mizani ile iliwapa uzito sawa na kila moja ya jamii mbili ndogo.

Wajumbe waligawanyika. Wapo waliosema kushiriki ni kukubali tusi, chama kisusie. Julius Nyerere na waliomuunga mkono walisema kususia ni kuwaachia uwanja wapinzani wao, na kwamba masharti mabaya yatavunjwa na watakaokuwa ndani ya baraza. Walijadili kwa siku kadhaa, wakapiga kura, hoja ya kushiriki ikashinda. Uamuzi ule unakumbukwa hadi leo kwa jina la Uamuzi wa Busara. Katika chaguzi za Septemba 1958 na Februari 1959 wagombea waliokuwa wakiungwa mkono na TANU, wa rangi zote tatu, walishinda.

Kinachotajwa kwa nadra ni walioshindwa pale Tabora. Zuberi Mtemvu hakukubaliana na uamuzi ule. Alitoka TANU, akaanzisha chama chake, na mwaka 1962 akasimama kugombea urais dhidi ya Nyerere. Alishindwa vibaya. Lakini aliruhusiwa kukataa, kutoka, kuunda chama na kusimama mbele ya wapiga kura. Nauthamini ukweli huo sawa na ninavyouthamini Uamuzi wa Busara wenyewe, kwa sababu bila haki ya aliyeshindwa kuendelea kupinga, ushindi wa mwingine haujulikani kama ni ushindi kweli.

Swali la wananchi ni akina nani liliibuka tena katika mkoa huohuo wa Tabora baada ya zaidi ya nusu karne. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbia mauaji kwao, na baadhi wakapewa makazi Ulyankulu, wengine Katumba na Mishamo. Walifyeka pori, wakalima, wakazaa watoto na wajukuu ambao Burundi hawaijui ila kwa kusimuliwa. Kwa miaka yote hiyo walikuwa chini ya sheria za Tanzania bila kuwa na kura katika kuzitunga. Mwaka 2014 Tanzania ilikamilisha kuwapa uraia watu zaidi ya 162,000 wa kundi hilo. Ni mojawapo ya matendo makubwa ya kidemokrasia ambayo nchi hii imewahi kuyafanya, na linastahili kusimuliwa shuleni pamoja na habari za 1961. Mtu anayetawaliwa daima bila kuulizwa, ametengwa na demokrasia ya mahali anapoishi, hata kama jirani zake wote wanapiga kura.

Waswahili husema wengi wape. Wakati wa kuhesabu kura ni kauli ya haki, maana hakuna njia nyingine ya watu wengi kufikia uamuzi mmoja bila kupigana. Inapogeuka hatari ni pale inapochukuliwa kwamba wengi wakishapewa, wachache hawadai tena kitu.

Miaka ya mwanzo ya uhuru TANU ilikuwa na wengi wasio na mfano. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 ilipata viti 70 kati ya 71. Ikiwa karibu watu wote wako upande mmoja, wakauliza viongozi, upinzani ni wa nini? Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ilipitishwa mwaka 1962. Christopher Kasanga Tumbo, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa reli, reli ileile iliyoufanya mji wa Tabora kuwa njia panda, alijiuzulu ubalozi wa London mwaka huohuo ili aanzishe chama cha upinzani. Aliishia kizuizini. Mwaka 1965 Tanzania ikawa nchi ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria.

Haitakuwa haki kusema kwamba kura zilikufa siku hiyo. Katika kila jimbo walisimama wagombea wawili wa chama hichohicho, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na wananchi waliwaangusha wabunge wengi, wakiwemo mawaziri. Kwa hiyo swali la nani kamweka mbunge lilikuwa na jibu zuri. La nani anaweza kuiondoa serikali lilikosa jibu kabisa. Kwa Rais, mpiga kura aliambiwa aseme ndiyo au hapana kwa jina moja.

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iwaulize Watanzania wanataka chama kimoja au vyama vingi. Takriban asilimia 77 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Takriban asilimia 21 walitaka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa.

Wengi wanaosikia habari hii kwa mara ya kwanza huuliza: hiyo si dhuluma kwa wengi? Mimi naona Nyalali na wenzake walikuwa sahihi. Wale asilimia 77 hawakupoteza chochote, chama chao kilibaki na waliendelea kukipigia kura. Lakini kama wao wangekubaliwa, yule mtu mmoja kati ya watano angenyimwa haki ya kujiunga na wenye mawazo kama yake. Haki ya kushirikiana na ya kutoa maoni haipigiwi kura na jirani yako. Imo katika Katiba, Ibara ya 18 na ya 20, na imewekwa humo ili isitegemee hesabu ya siku ya uchaguzi. Mtemi Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, aliyekuwa waziri wa sheria wakati wa uhuru, alikuwa miongoni mwa waliotumia nafasi hiyo kuongoza chama kipya. Chama hicho hakikushika dola. Hilo si sababu ya kusema hakikuwa na haki ya kuwepo.

Wakazi wa Kigoma wana sababu ya kulielewa jambo hili kwa undani kuliko sisi wengine. Juni 1993 Warundi walimchagua Melchior Ndadaye kuwa Rais katika uchaguzi wa vyama vingi. Oktoba 21 mwaka huohuo aliuawa na wanajeshi. Vita vilivyofuata viliwaleta watu kwa makundi Kibondo na Kasulu. Walioingia Kigoma wakikimbia walikuwa wanatoka nchi iliyokuwa imepiga kura miezi michache tu kabla. Kura ilikuwepo; ambacho hakikuwepo ni wenye bunduki kukubali kuondolewa na kura, na walio wachache kuaminishwa kwamba kushindwa uchaguzi si kuangamizwa.

Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, ulioanza kusuluhishwa na Mwalimu Nyerere na kumaliziwa na Nelson Mandela, ulijibu hofu hiyo kwa namna ambayo mtu wa wengi wape asingeielewa. Katiba ya Burundi ya 2005 iliweka kwamba katika Bunge Wahutu wawe asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, ingawa Watutsi ni wachache zaidi ya hapo, na kwamba katika majeshi kabila moja lisizidi nusu. Si mpango mzuri katika kila jambo, kwa kuwa unawafanya watu waendelee kuhesabiana makabila. Ila uliwapa wachache uhakika wa kutofutwa. Rais Pierre Nkurunziza alipong'ang'ania muhula wa tatu mwaka 2015, watu walikimbia tena. Walirundikana kwenye kijiji cha Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikawafuata huko, na MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma mjini. Ukomo wa mihula ni jambo ambalo sisi Watanzania tunaliona la kawaida, maana Mwinyi aliondoka 1995, Mkapa 2005, Kikwete 2015. Pale Kagunga walionekana watu walioukosa.

Kigoma pia ina kesi ambayo kila mpiga kura Tanzania angepaswa kuijua. Mwaka 1994 ulifanyika uchaguzi mdogo wa ubunge wa Kigoma Mjini. Mgombea wa CHADEMA, Dk. Aman Walid Kabourou, alitangazwa kuwa ameshindwa na mgombea wa CCM. Akaenda mahakamani. Moja ya malalamiko yake ni kwamba Radio Tanzania, redio ya umma inayolipiwa na wananchi wote, ilikuwa ikitangaza kwa kumpendelea mgombea wa chama tawala. Mahakama Kuu ikabatilisha matokeo. Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani, katika hukumu iliyomo kwenye ripoti za sheria za 1996, ilieleza kwamba jambo lolote linaloufanya uchaguzi usiwe huru na wa haki ni sababu tosha ya kuubatilisha. Katika Uchaguzi Mkuu wa 1995 Kabourou aliingia bungeni kwa kura za Kigoma Mjini.

Uzito wa hukumu ile ni huu: haikuishia kuuliza kura zilihesabiwa sawasawa au la. Iliuliza mpiga kura alifikaje kwenye uamuzi wake, alisikia pande zote au upande mmoja. Uchaguzi huanza miezi kadhaa kabla ya siku ya kura, pale daftari linapoandikishwa, wagombea wanapopitishwa au kuenguliwa, redio inapogawa muda, na polisi wanapotoa au kunyima kibali cha mkutano.

Kwa mbunge na diwani, basi, mahakama ziko wazi. Kwa Rais, hapana. Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema kwamba Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Kenya wana njia hiyo, na mwaka 2017 Mahakama yao ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais na kuamuru urudiwe. Hali kadhalika mgombea binafsi: Katiba yetu inamtaka kila anayegombea ubunge au urais apitishwe na chama, na mahakama hiyohiyo ya Arusha ilisema mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba sharti hilo linakiuka haki. Na tangu mabadiliko ya mwaka 2000 Rais hahitaji nusu ya kura. Anayewazidi wenzake anashinda. Wagombea watatu wakigawana kura kwa asilimia 40, 35 na 25, wa 40 anatawala, na 60 wanatawaliwa na ambaye hawakumchagua.

Oktoba 29, 2025 Watanzania waliitwa tena kupiga kura. CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, hakikuwemo kwenye karatasi ya kura, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu akikabiliwa na kesi ya uhaini. Siku ile yalizuka maandamano, intaneti ikazimwa nchi nzima, na watu walipoteza maisha. Swali la tatu kati ya maswali yangu lina maneno bila mtu kufa. Siyaweki pale kama pambo.

Swali la pili, la kuhoji, ndilo lenye kazi kubwa katika miaka mitano ya katikati. Mikoa yetu hii miwili imetoa watu walioonyesha linavyofanya kazi. Samuel Sitta, mbunge wa Urambo Mashariki, alikuwa Spika mwaka 2008 Bunge lilipopokea ripoti ya kamati teule kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, aliongoza Kamati ya Hesabu za Serikali iliyowasilisha ripoti ya akaunti ya Escrow, yaani ya fedha za mgogoro wa umeme zilizotunzwa Benki Kuu, Novemba 2014. Mwanasheria Mkuu akajiuzulu, mawaziri wakapoteza nafasi zao. Hakuna uchaguzi mkuu uliofanyika miezi ile. Kilichofanyika ni kwamba Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alikagua, kamati ikasoma, Bunge likajadili hadharani, redio zikarusha, na watu wakasikia. Ukikata kimoja kati ya hivyo, mnyororo mzima unakatika.

Wapo wanaosema demokrasia inachelewesha, kwamba wataalamu waachwe waamue. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka. Wataalamu wana hoja nzito: dagaa na migebuka wamepungua, na ziwa lisipopumzika litabaki maji matupu. Kama ungewapigisha kura wavuvi wa Kibirizi asubuhi ya Mei 15, sidhani kama wangekubali kufunga nyavu kwa miezi mitatu. Je, demokrasia ilishindwa? Sioni hivyo. Demokrasia haidai kila jambo lipigiwe kura. Inadai anayeamua ajulikane, aje aeleze, asikilize mama anayeanika dagaa atawalisha nini watoto Juni na Julai, na awe ni mtu anayeweza kuondolewa akionekana hakusikia. Mtaalamu anaweza kukwambia ziwa linahitaji nini. Nani abebe gharama ya kulipumzisha, hilo si swali la sayansi.

Linabaki suala la kuondoa. Mbunge wa Tanzania akishachaguliwa, wapiga kura wake hawana njia ya kumrudisha nyumbani kabla ya miaka mitano kwisha. Chama chake kinayo, maana akifukuzwa uanachama anapoteza kiti. Rasimu ya Katiba iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza wananchi nao wapewe uwezo huo. Bunge Maalum la Katiba la 2014, chini ya uenyekiti wa Sitta huyohuyo, liliuondoa katika Katiba Inayopendekezwa, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 haijafanyika hadi leo.

Kijijini uwezo huo upo. Sheria ileile ya 1982, iliyoupa Mkutano Mkuu wa Kijiji kazi ya kuichagua Halmashauri ya Kijiji, imeupa pia uwezo wa kumwondoa mjumbe yeyote wa halmashauri hiyo, au kuwaondoa wote. Mkazi wa Sikonge au Uvinza ana juu ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji chake nguvu ambayo hana juu ya mbunge. Haitumiki kwa sababu mkutano wenyewe haukai: miezi mitatu inapita, sita inapita, wanaofika ni wachache, mkutano unaahirishwa, na mapato na matumizi hayasomwi. Ratiba ya mikutano huwa iko kwa mtendaji wa kijiji, ambaye kwa kazi yake ndiye katibu wa mkutano na mtunza mihtasari. Mkazi yeyote mwenye miaka 18 anaweza kwenda ofisini kwake kuuliza mkutano wa mwisho ulifanyika tarehe ngapi, na unaofuata ni lini.